Kadi Shingoni mwa Adhiambo

Saa nane na nusu mchana darasa la tano lilikuwa limelala. Usidhani natia chumvi. Burale, wa dawati la tatu, alikuwa anakoroma, na jirani yake alikuwa amemchomeka kipande cha chaki sikioni. Mbele yao Mwalimu Mwanasiti Faki alikuwa amejaza ubao mzima kwa jedwali la ngeli, amelipigia mistari kwa rula mpaka likapendeza, na katika watoto hamsini na wawili hakuna aliyekuwa na habari nalo.

"Kitabu kikubwa kimepotea," akasoma. "Haya, wote."

"Kitabu mkubwa imepotea," wakaitikia kwa sauti ya watu walio msibani.

"Kikubwa. Kimepotea."

Adhiambo akainua mkono. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, mdomo hauna breki. "Mwalimu, hiyo kitabu kama imepotea, si tuitafute badala ya kuisema kila siku?"

Darasa zima likaangua kicheko, Burale akaamka, chaki ikamtoka sikioni. Mwanasiti naye alicheka, ingawa kwa kweli alitaka kulia.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Serikali ilikuwa imegeuza mfumo wa masomo, Kiswahili kikawa somo la lazima, tena la mtihani, na shule ile ya kando ya Barabara ya Jogoo ikazinduka na kujikuta haina wa kulifundisha. Watoto wake walitoka Mbotela na mitaa ya jirani, wana wa watu wa reli na wa baraza la jiji. Nyumbani walisema lugha za mama zao, na barabarani walikuwa na Kiswahili chao wenyewe, kilichowatosha kabisa kununua mandazi, kugombana na kutaniana. Ndipo akaletwa Mwanasiti kutoka Majengo, Pumwani, ambaye Kiswahili kilimtoka bila jasho lakini cheti cha ualimu hakuwa nacho. Barua yake ya kazi iliandikwa upya kila muhula.

Siku hiyo saa ya chai ya jioni Mwalimu Mkuu, Bwana Mativo, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole mwenye woga mwingi, anayependa shule yake iwe kimya.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo," alisema. "Kuna nafasi moja ya chuo kwa walimu wasio na cheti. Moja tu, Bi Mwanasiti. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Arobaini hawachukui. Na mimi nimeambiwa muhula ujao nisiajiri tena mtu bila cheti. Kwa hivyo mkaguzi akipenda somo lako, utaenda chuo. Asipopenda..." Akanyanyua mikono. "Hawa watoto wako wanalala. Nimepita dirishani nimeona."

Mwanasiti alitembea kwa miguu mpaka Majengo akiwa na neno hilo kichwani. Nyumbani alikuwako mumewe, Mahmud, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa ameandika mabango ya maduka kuanzia Pumwani hadi Gikomba. Tangu mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, herufi zikaenda upande, na wenye maduka wakaacha kumwita mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, wakisema watampelekea habari. Siku hizi nyumba ile iliishi kwa barua ya Mwanasiti. Wote wawili walilijua hilo, na hawakulizungumza.

*

Jumamosi kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwao. Kina mama wa upande wa bibi harusi walikuwa wamekata kanga sare, nyekundu yenye pindo jeusi, na wa upande wa bwana harusi walivaa ya kijani. Habibo, jirani yake Mwanasiti, mwanamke mnene mwenye haraka zake, alichanganyikiwa akaja na kanga ya manjano ya harusi ya mwezi uliopita.

Alipotaka kuketi mkekani, wanawake wa nyekundu wakamzuia. "Habibo, wewe wa wapi leo? Hiyo si sare yetu!"

Akahamia upande wa kijani. "Hata sisi si yetu!" wakapiga kelele, na vigelegele juu. Maskini Habibo akabaki katikati ya uwanja anazunguka, mpaka akacheka mwenyewe, akakimbia nyumbani kubadilisha. Aliporudi na nyekundu alipokewa kwa shangwe, akapenyezwa mkekani kana kwamba hawajamwona mwaka mzima.

Mwanasiti aliacha sahani ya pilau nusu. Alifika nyumbani anahema, na Mahmud akadhani kuna mtu ameanguka.

"Mume wangu, sikiliza. Kitabu ni bibi harusi."

"Nini?"

"Kitabu ni bibi harusi! Wanaomfuata wote lazima wavae sare yake. Kikubwa, changu, kimepotea, wote ki, ki, ch, ki. Akija mwenye sare nyingine anafukuzwa kama Habibo. Watoto watacheza. Nawajua wale, wakicheza hawatasahau mpaka kufa kwao."

Mahmud alimtazama. Kisha akainuka, akavuta maboksi ya sabuni yaliyokuwa chini ya kitanda, akatafuta mkasi, na kopo la rangi nyekundu lililokuwa halijafunguliwa tangu mwaka juzi. Jumapili kutwa alikata kadi na kuziandika. Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili utulie, ulimi nje, na herufi zilitoka zimesimama. Akatoboa tundu kila kadi na kupitisha uzi wa katani, ule mgumu wa kufungia magunia, ili watoto wasiukate.

"Zitakaa," alisema, akiinua moja juu. Mwanasiti hakuwa ameuona uso wake hivyo siku nyingi.

*

Jumatatu darasa la tano halikulala. Adhiambo alichaguliwa bibi harusi, akavikwa kadi ya KITABU, akaketi juu ya kiti cha mwalimu na kujifunika sweta kichwani. Wenzake wakaja mmoja mmoja, kadi shingoni, kuomba kuingia kwenye msafara.

"Wewe nani?" Adhiambo akauliza kwa sauti ya kimama.

"Mimi ni kubwa," akajibu Burale, kadi yake imeandikwa M.

"Mkubwa? Hiyo si sare yetu!" darasa zima likanguruma. "Toka!"

"Wacheni hiyo, mimi ni mjomba wa bibi harusi!"

"Toka, enda ubadilishe!"

Burale alikimbia kwenye boksi, akachakura, akarudi na KI, na shangwe iliyomlaki ilisikika mpaka kituo cha basi. Hata Muhiba, kiranja wa darasa, mtoto mnyamavu anayependa kufuata amri, alipanda juu ya dawati. Kufikia mwisho wa kipindi walikuwa na msafara wa watu saba unaozunguka darasa: kitabu changu kikubwa kizuri kilipotea jana sokoni, na kila aliyepita alijua kwa nini amevaa alichovaa. Bwana Mativo alitokea dirishani. Alitikisa kichwa kwa sababu ya kelele, lakini hakukataza.

"Mwalimu, twende nazo nyumbani?" Adhiambo aliomba, ameshika kadi yake kifuani. "Nimwonyeshe mama."

"Nendeni nazo. Muwafundishe na wazazi."

Hapo ndipo Mwanasiti alipokosea, na kosa lenyewe asingeweza kuliona. Shule ile ilikuwa na diski yake, kama shule nyingi. Jumatatu mpaka Alhamisi, nje ya kipindi cha Kiswahili, ilikuwa ni Kiingereza tu, na aliyeteleza akasema kitu kingine alivikwa shingoni kipande cha ubao chenye uzi wa katani. Alikivaa mpaka amnase mwenzake anayeteleza. Asipomnasa kabla ya kengele ya jioni, alikwenda nacho nyumbani, na njia nzima watu walijua. Mwanasiti aliiona diski kila siku kama alivyoliona lango la shule. Lakini yeye alikulia Majengo, akasoma chuo cha Kurani na kwenye shule ya jirani ambako kila mtu alisema Kiswahili, na shingo yake haikuwahi kuivaa.

*

Asubuhi ya pili Phelister, mama yake Adhiambo, alikuwa akimsubiri langoni, amemshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa na plasta pana upande wa kushoto wa shingo, na nyingine nyuma.

"Mwalimu, nisamehe nakuja asubuhi hivi," Phelister alisema kwa sauti ya chini. "Ni hiyo karatasi yako."

"Karatasi gani, Mama Adhiambo? Amefanya nini huyu?"

"Hajafanya kitu. Alikuja anakimbia, anaimba, hiyo kitu iko kwa shingo. Baba yake alikuwa amesimama kwa mlango na watu wa kazini. Akaona tu kamba. Hakusoma. Hakuuliza. Akaishika akavuta, na hiyo kamba yako haikatiki, Mwalimu. Akavuta tena."

Mwanasiti alizitazama zile plasta. Akamwinamia mtoto. "Adhiambo, hukumwambia ni mchezo?"

Adhiambo aliangalia viatu vyake. "Nilimwambia mimi ni bibi harusi," akasema. "Akavuta zaidi."

"Yeye si mtu mbaya," Phelister akaharakisha kusema. "Baadaye alikaa nje peke yake, hakula. Lakini anasema atakuja shuleni. Wewe mwombe tu msamaha, Mwalimu. Akiombwa msamaha anapoa."

Basi Jumatano baada ya masomo Mwanasiti alikwenda Mbotela. Gordon Okoth, karani wa reli, alikuwa amekaa nje ya mlango wake kwenye kiti cha mbao, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Majirani walikuwa wakianua nguo, na walipomwona mwalimu mwenye buibui wakapunguza mwendo ili wasikie.

Okoth hakumkaribisha kuketi. Alianza kwa Kiingereza, kirefu, cha ofisini, na Mwanasiti akashika neno moja hapa na moja kule. Phelister alikuwa ndani ya mlango na hakuthubutu kutafsiri.

"Baba Adhiambo, samahani," Mwanasiti alisema, amesimama kama mtoto aliyeletwa kwa mkuu. "Kiingereza changu ni kidogo. Nimekuja kukuomba radhi. Ile haikuwa diski. Ni mchezo wa sarufi, watoto wanajifunza..."

"Mwalimu wa shule, na Kiingereza yako ni kidogo," Okoth alisema sasa kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuwafikia wenye nguo. Mmoja wao akacheka. "Mimi niliivaa hiyo kitu wiki tatu. Nilikuwa mdogo kuliko huyu. Nililala nayo. Nilienda nayo kanisa. Wenzangu walikuwa wananiita ng'ombe, wananipatia nyasi, na mimi nilikula hiyo nyasi ndiyo waache. Unajua nyasi?"

"Sijui, baba."

"Hujui. Nilisema mtoto yangu hataivaa. Nikamnunulia redio ya kusikiza habari kwa Kiingereza. Halafu wewe unamfunga kamba kwa shingo, unampitisha barabarani akiwa amevaa."

"Angekuonyesha tu kilichoandikwa..."

"Kesho nakuja kwa Mwalimu Mkuu," Okoth alisema, akainuka na kuingia ndani. Kiti akakiacha nje, kitupu, na hapo pia hakuna aliyemwambia Mwanasiti akae. Aliwaaga majirani. Ni mmoja tu aliyeitikia.

*

Alhamisi asubuhi Bwana Mativo alisema: "Leo hakuna kadi, hakuna kelele. Ubao na chaki. Nimekwisha kusikia kuna mzazi."

Mkaguzi alikuwa mwanamke aitwaye Bi Wakiuru, miwani ya mnyororo, daftari kubwa. Aliketi nyuma ya darasa na kufungua kalamu. Mwanasiti aliandika jedwali lake, akalipigia mistari, akasoma. Watoto waliitikia kwa sauti ile ile ya msibani. Zikapita dakika kumi. Bi Wakiuru alitazama saa yake, akatazama dirisha, akaandika kitu kifupi.

"Mwalimu," Burale akanong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika na wote, "kwani sare leo hakuna?"

Mwanasiti alisimama na chaki mkononi. Alijua kwamba akiendelea hivi amekwisha, na akikaidi huenda akaisha vilevile. Ila kwa njia ya pili watoto wangekuwa wamejua kitu. Akavuta boksi kutoka chini ya meza.

"Msivae," alisema. "Leo mtazishika mkononi. Nani bibi harusi?"

Wote wakageuka kumtazama Adhiambo, aliyekuwa amekaa pembeni na plasta zake, kola imeinuliwa. Hakuinuka. Mwanasiti hakumlazimisha, akamwita mwingine. Msafara ukaanza, darasa likachangamka, na Bi Wakiuru akaweka kalamu chini, akaegemea mbele. Burale alipofika na kadi isiyo yake na kujidai mjomba, mkaguzi alicheka kwa sauti. Na hapo Adhiambo akashindwa kujizuia. Alipiga kelele kutoka kule kule pembeni, "Hiyo si sare yetu! Toka!" akaruka madawati mawili, akainyakua kadi ya bibi harusi na kukaa kitini, sweta kichwani, uso umewaka.

Alikuwa hivyo hivyo, kitini, baba yake alipofika mlangoni na Bwana Mativo.

Okoth alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Aliona kadi mikononi mwa watoto. Aliona maandishi mekundu yaliyonyooka, akayasoma sasa, moja baada ya jingine, midomo ikicheza. Akamwona binti yake anaendesha harusi nzima kwa kidole. Mwanasiti, aliyekuwa karibu naye, aliona alivyoelewa. Aliliona jambo lile likimwingia, likishuka taratibu, mpaka mkono wake ukafika kwenye kola ya shati lake mwenyewe na kuishika.

"Huyu ni mzazi," Bwana Mativo akamweleza mkaguzi kwa unyenyekevu. "Ana malalamiko. Nimemwambia asubiri, akakataa."

"Sema, mzee," Bi Wakiuru akasema. "Bora nisikie mwenyewe."

Watoto wakageuka. Macho hamsini na mawili yalikuwa kwake, na mara mbili ya hayo ukihesabu vizuri. Neno moja lingetosha. Angesema, nilidhani ni diski, nikakosea. Lakini angelisema mbele ya Mwalimu Mkuu, mbele ya mwanamke wa serikali, mbele ya watoto wa majirani zake wote ambao jioni wangelipeleka nyumbani. Okoth akakohoa.

"Huyu mtoto aliumia shingo kwa sababu ya hiyo kadi," akasema. "Mimi nimekuja kusema hiyo tu."

Hakusema uongo hata kidogo. Bi Wakiuru akainuka, akaja mbele, akashusha kola ya Adhiambo na kutazama plasta.

"Mwalimu, ni kweli?"

Mwanasiti alifungua mdomo. Alikuwa nayo yote hapo ulimini: nani alivuta, mara ngapi, mbele ya nani. Ndipo akakutana na macho ya Adhiambo. Mtoto alikuwa amekaa juu ya kiti cha mwalimu, sweta bado kichwani, na alikuwa anamwomba. Alimwomba kwa uso mzima asiseme ni baba, asiseme hapa, mbele ya Burale na Muhiba na wote.

"Ni kweli," Mwanasiti akasema. "Uzi ulikuwa wangu."

Bi Wakiuru alirudi kwenye kiti chake na kuandika muda mrefu. Okoth alikwisha kuondoka.

*

Ofisini Bwana Mativo hakumtazama usoni. "Mkaguzi amesema somo lilikuwa zuri sana. Hajaona zuri kama hilo mwaka huu. Lakini mtoto aliyeumizwa, hawezi kuliandika jina lako. Ataulizwa."

"Na barua yangu?"

"Mwisho wa wiki hii, Bi Mwanasiti. Mwalimu wa darasa la sita atashika vipindi. Jumanne njoo usaini, urudishe rejista." Akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. "Mimi nilikwambia ubao na chaki."

Mwanasiti alifika Majengo kabla ya alasiri. Mahmud alikuwa ameketi sakafuni, magazeti yametandazwa, na mbele yake kadi mpya zaidi ya arobaini zinakauka, safari hii kwa rangi ya buluu. Alikuwa amezungumza na muuza duka aliyempa maboksi, akamwambia kwa majivuno kwamba ni kazi ya shule.

"Hizi za darasa la sita," alisema bila kuinua kichwa. "Tazama hii VI. Tazama mgongo wake ulivyonyooka."

Alipomaliza kuhadithiwa, alikuwa bado na brashi mkononi, na mkono ukaanza tena kutetemeka mpaka matone ya buluu yakadondoka juu ya magazeti.

"Kwa nini hukusema ni yeye?"

"Mbele ya mtoto?"

Mahmud akaweka brashi chini. Akazikusanya kadi zikiwa bado mbichi, moja juu ya nyingine, zikagandana. Mwanasiti alitaka kumzuia akakosa nguvu. Aliketi kitandani na kulia, kwa sauti, bila kujali kwamba Habibo yuko upande wa pili wa ukuta.

*

Jumanne alirudi na rejista, chaki alizobakiza na ile rula. Alisaini mahali alipoonyeshwa. Wakati anavuka uwanja, ilikuwa saa ya mapumziko, na watoto wa darasa la tano walikuwa wametawanyika penye jua. Dirishani kwao aliliona jedwali la ngeli ubaoni, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Adhiambo alimwona kwanza. Alikuja mbio, sketi inaruka, ameinua daftari juu ya kichwa, na alikuwa anacheka.

"Shikamoo, Mwalimu! Mwalimu, kitabu changu kikubwa kimepatikana!"

Alilisema lote hivyo, kwa pumzi moja, kila neno na sare yake. Mwanasiti akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na mikono ikamfunguka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu! Kimepatikana wapi?"

Mtoto hakuwahi kujibu. Muhiba, aliyeitunza diski kama kiranja, alikuwa amesimama nyuma yake, nayo mkononi. Hakuwa mtoto mbaya, Muhiba. Mwanasiti alimjua tangu akisoma chuo cha Kurani. Alisubiri Adhiambo ageuke, akampitishia uzi kichwani, taratibu, ukakaa juu ya plasta.

"Muhiba," Mwanasiti akasema, "alikuwa ananisalimu mimi."

Muhiba alitazama chini. "It's Tuesday, madam," alisema.

Mwanasiti akanyoosha mkono aushike ule ubao. Barazani Bwana Mativo alikuwa ametoka na kikombe chake cha chai.

"Mama," akaita. Alizoea kumwita Mwalimu. "Umemaliza kusaini? Basi lango liko wazi."

Mkono wa Mwanasiti ukarudi. Adhiambo alikuwa ameingiza kidole kati ya uzi na plasta, akiusogeza juu kidogo, mahali pasipouma. Uso wake ulikuwa umejifunga.

"Adhiambo, inakuuma?"

Mtoto alimtazama Muhiba, kisha akamtazama yeye.

"No, madam."

Akageuka. Kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa bado mbali, na baba yake angekuwa mlangoni. Mwanasiti alimwona akiingia katikati ya wenzake polepole, diski inamgonga kifuani, amenyamaza na ametega sikio kwa kila kundi alilolipita, akimtafuta wa kumvika.